Kisanduku Kilichopokea Tu

Nikiwaambia watu kwamba shuleni kwetu tulikuwa tunapata barua pepe wakati hata simu ya mezani hatukuwa nayo, wanadhani nawatania. Shule ilikuwa mbele ya kijiji cha Mbekenyera, mwendo wa saa mbili kwa miguu, katikati ya mashamba ya ufuta na mikorosho. Simu za mkononi zilishika Nachingwea mjini tu. Lakini juu ya paa la ofisi palikuwa na dishi dogo, na mezani palikuwa na kisanduku cheusi kilichounganishwa na kompyuta na betri ya sola. Kila asubuhi saa tatu kilivuta barua kutoka kwenye satelaiti. Ndugu zetu walizipeleka kwenye ofisi moja Dar es Salaam, zikarushwa juu, zikatushukia. Mimi, mwalimu wa jiografia, ndiye niliyekabidhiwa kazi ya kuzifungua na kuzigawa.

Kilikuwa na upungufu mmoja. Kilipokea, hakikutuma. Kama ulitaka kujibu, uliandika jibu lako kwenye disketi, na Ijumaa gari la shule likaipeleka Nachingwea, kwenye nyumba ya parokia iliyokuwa na laini ya simu. Tulizoea. Wiki moja ya kungoja haikuwa kitu.

Mwaka ule masika yalishuka kwa hasira. Mto ulio kati yetu na Mbekenyera ulijaa, ukabeba daraja la magogo, na gari likabaki limeegeshwa chini ya mwembe likiota ukungu kwenye viti. Ijumaa ya kwanza ikapita, na ya pili.

Jumatatu iliyofuata niliwasha kompyuta nikakuta barua ya mdogo wangu.

"Dada, Mama amelazwa. Kidonda cha mguu kimeoza kwa sababu ya sukari. Daktari anasema wakate juu ya goti, la sivyo tutampoteza. Mama amekataa kutia sahihi. Anasema mpaka useme wewe. Tafadhali jibu upesi."

Niliisoma nimesimama. Kuna jambo ambalo mdogo wangu hakulijua. Miaka miwili nyuma, baada ya jirani yetu kukatwa mguu na kufa akiwa hospitali, Mama alinishika mkono jikoni akaniambia, "Wewe ndiye mkubwa. Siku nikiugua, usikubali wanikate. Nataka kuzikwa mzima." Nilimwahidi. Nilimwahidi kama mtu anavyoahidi wakati ugonjwa uko mbali.

Jumanne ikaja nyingine. "Dada, umepata barua yangu? Mama anauliza kila saa kama umejibu." Jumatano ikaja ya tatu, fupi. "Daktari anasema mwisho Ijumaa. Mbona kimya? Au bado una kinyongo na mimi?"

Tuligombana mwaka mmoja kabla, kwa sababu yeye alimchukua Mama kwenda Dar na mimi nilitaka abaki Ruangwa, kwenye nyumba yake. Kwa hiyo mdogo wangu aliusoma ukimya wangu hivyo. Nilikaa mbele ya kile kisanduku nikitazama taa yake ya kijani. Sauti ya mdogo wangu iliingia, yangu haikuwa na pa kutokea. Niliandika jibu kwenye karatasi nikalichana, nikaandika jingine.

Kuna jambo lingine, na hili sikuwahi kumwambia mtu. Jumatano ile mchana, nikisikiliza mvua kwenye bati, nilitambua kwamba moyoni naushukuru mto. Maadamu mto umejaa, hakuna wa kuniuliza. Hata Mama akifa, si mimi niliyesema akatwe wala asikatwe. Niliposikia wazo hilo kichwani mwangu niliona aibu mpaka nikatoka nje nikasimama kwenye mvua.

Alhamisi alfajiri nikamfuata mkuu wa shule.

"Mwalimu, huko hakupitiki," akasema. "Ukizama, nitawaambia nini ndugu zako?"

"Waambie nilikuwa nakwenda kuwajibu."

Hakunipa ruhusa, wala hakunizuia. Alinipa koti lake la mvua.

Mtoni nilimkuta mkulima mmoja, mtu mzima, akivusha mihogo kwa kamba aliyoifunga kwenye miti ya ng'ambo zote mbili. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache.

"Unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Basi usiachie kamba. Mguu ukiteleza, wewe kamba tu."

Maji yalinifika kifuani. Yalikuwa mazito, yenye udongo na vijiti, na yalinisukuma kama mtu anayetaka kupita. Yeye alitangulia, akinitazama kila hatua, na tulipofika ng'ambo alicheka akasema, "Mwalimu umekuwa mzito kuliko mihogo." Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile.

Mbekenyera nilipata pikipiki ya bwana shamba mpaka Ruangwa. Simu za Ruangwa zilikuwa zimekatika, nguzo zimeangushwa na maji. Nikalala pale kwa shangazi, na Ijumaa asubuhi nikapanda lori la chumvi kwenda Nachingwea. Katika mfuko wa plastiki, kifuani, nilikuwa na karatasi. Nilikuwa nimeandika hivi: "Msimkate. Ni neno lake mwenyewe, nilimwahidi."

Parokiani wakaniachia simu. Mdogo wangu alipokea.

"Ni mimi," nikasema. "Nisikilize, kuhusu Mama..."

"Ametoka chumba cha upasuaji sasa hivi. Yuko hai, dada." Akaanza kulia. "Nisamehe. Jana jioni nilimwambia barua yako imefika. Nikamsomea karatasi tupu. Nikasema, dada anasema ukubali, anataka akukute hai. Akatia sahihi palepale."

Nilikuwa nimeshika mkonga wa simu kwa mikono miwili. Karatasi yangu ilikuwa mezani, wino umesambaa.

"Dada? Ulitaka kusema nini?"

"Hicho hicho," nikasema.

Ilinichukua siku nne kurudi, kwa sababu mto ulikuwa umepanda tena. Nilikuta barua imeningoja tangu Ijumaa ile nilipokuwa kwenye lori la chumvi. "Nimesema umekubali. Ukiandika, usiniangushe." Niliifuta.

Likizo ya Juni nilikwenda Dar. Mama alikuwa amekaa barazani kwenye kiti, kanga imefunika pale mguu ulipoishia. Mdogo wangu akaingia ndani kupika chai, makusudi nadhani.

"Nilikuwa nimekuambia usikubali," Mama akasema.

"Uliniambia."

"Na ukakubali."

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na vyombo vilikuwa vimeacha kulia. Nikijitetea, namuuza mdogo wangu. Nikinyamaza, nimevunja ahadi ambayo sikuivunja.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Nilikubali."

Akanyoosha mkono akaitengeneza kola ya gauni langu, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa nakwenda shule, na akaniuliza kama ufuta wa Mbekenyera umekomaa.

Aliishi miaka sita zaidi. Hakuwahi kunishukuru wala kunilaumu. Mdogo wangu nami hatujawahi kulizungumza tena.