Komeo la Mlango wa Mama

Komeo la mlango wa mama lilikuwa na sauti mbili. Asubuhi lililalamika polepole, kama mzee anayeamshwa kabla hajashiba usingizi. Jioni liligonga mara moja tu, ko, na boma zima likajua siku imekwisha. Mwaka huu nililivuta kwa mkono wangu mwenyewe, likalalamika vilevile, na kabla vumbi halijatua nilikuwa tena yule mtoto aliyebeba mkeka kichwani.

"Huyu hatamaliza wiki," walisema watu wa boma la jirani siku ile ya mkeka.

Ninyi mliokulia kwingine, niwaeleze. Kwetu Seme, kwenye ufuo wa ziwa, mtoto wa kiume akianza kupevuka halali tena katika nyumba ya mama yake. Huhamia simba, ile nyumba ndogo ya vijana iliyo karibu na lango. Wala hakuna sherehe. Mama alinipa mkeka, blanketi na kibatari, akasema, "Nenda kwa kaka yako," kisha akageukia chungu chake cha omena, wale dagaa wa ziwani, kana kwamba amenituma dukani.

Kaka yangu Ouma hakukaa sana. Alipata kazi ya ujenzi Sondu, akaniachia simba nzima pamoja na panya wake. Baba alikuwa amefariki, na dada zangu walikuwa wameolewa. Baba mdogo Odhiambo, ambaye boma lake limepakana na letu, alilifurahia jambo hilo kupita kiasi. "Viboko wakianza kuguna mtamsikia akibisha kwa mama yake," aliwaambia wanawe, nao wakawa wananiuliza kila asubuhi tukiteka maji kama mkeka wangu umekauka.

Sikubisha. Viboko walitoka ziwani kula nyasi, wakaguna karibu na ukuta hadi nikahisi udongo unatetemeka, nami nikajifunika blanketi nikikariri jedwali la kuzidisha mpaka usingizi unichukue. Kama mnataka kujua hesabu zangu nzuri zilianzia wapi, zilianzia hapo.

Jambo moja tu lilinikera. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, mama alisimama mlangoni pake akapaza sauti kuvuka ua:

"Omondi, umefunga?"

"Nimefunga, Mama."

Ndipo komeo lake lilipogonga. Nisipojibu hakufunga. Alisimama palepale, taa mkononi, akauliza tena, mpaka wana wa Odhiambo wakamsikia na kesho yake wakaniiga ziwani kwa sauti nyembamba, "Omondi, umefunga?" Nilimwomba aache. Nilimwambia mimi ni mkubwa sasa. "Najua," alisema, na jioni akauliza. Basi nikaamua kumjibu kwa sauti nzito kama ya askari, ili angalau majirani wajue aliyeulizwa ni mwanamume.

Wiki ilipita, na miaka ikapita. Nikaondoka kwenda Nairobi na mashati mawili, nikapata huko diploma ya ufundi wa majokofu, ya kwanza katika ukoo wetu. Msinione najisifu, nasema yaliyopo. Samaki wengi wanaoliwa katika hoteli za Kisumu hulala kwanza katika vyumba vya baridi nilivyovitengeneza mimi, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Kwa hiyo, mama alipokuwa ameshatutoka na watoto wangu wamekua, niliamua kurudi nyumbani nikaishi. Mke wangu ni muuguzi Nairobi. Hakubishana nami. "Jaribu wiki moja," alisema, "kisha uniambie."

Nilifika na kitanda kipya juu ya lori. Nia yangu ilikuwa kulala katika chumba cha mama, kwenye harufu yake ya moshi na mafuta ya nazi. Odhiambo, sasa mzee wa mkongojo, alikuwa amesimama mlangoni.

"Kitanda hicho kinakwenda wapi, Bwana Diploma?"

"Ndani, Baba."

"Ndani kwa nani?"

Nilimwambia nyumba ni tupu. Nilimwambia mambo yamebadilika. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu kabisa.

"Mtu haoti ndevu akarudi kunyonya," alisema. "Mchana kaa humo, fagia, kula, pokea wageni. Jua likizama, nyumba ni ya mama yako. Siku mkeo akija tutazungumza habari ya kukujengea boma lako." Kisha akaelekeza mkongojo kwenye simba, alikokuwa akifugia kuku. "Ama hutamaliza wiki?"

Kitanda hakikupita mlango wa simba. Nikanunua mkeka.

Sikujua upweke una uzito gani mpaka siku zile. Mchana niliketi katika nyumba ya mama nikisikiliza wadudu wa ziwa wakigonga dirisha. Jioni nilihamia simba, na mvua ikapenya mabati yaliyotoboka, ikanidondokea. Jioni ya nne niliuweka mkoba wangu tayari kwa safari ya Nairobi. Nilishika mlango nikitaka kuufunga, lakini nikasimama. Nikasimama sana. Ndipo nilipotambua kwamba nangoja kuulizwa.

Ng'ambo ya ua, mlango wa mama ulikuwa mweusi. Kwa mara ya kwanza niliona umbali ule kutoka upande wake. Mle simba mlikuwa na kitu gani cha kuibwa? Mkeka na jedwali la kuzidisha. Sauti zote za nyumba ile zilikuwa zimetoka moja baada ya nyingine, yangu ya mwisho, na yeye mwenyewe ndiye aliyeitoa, kwa sababu ndivyo mwana anavyokuwa mtu. Alichohitaji kila jioni ni sauti moja ya kumwezesha kufunga. Na nilipokwenda Nairobi, alimuuliza nani? Msomi kama mimi, sikuwahi kujiuliza.

Nilichukua simu nikampigia mwanangu Felix, aliyepanga chumba Nakuru.

"Umefunga mlango?"

"Baba, niko ghorofa ya tano. Kuna mlinzi getini."

"Umefunga?"

"Nimefunga." Akacheka kidogo. "Ni nini? Uko sawa?"

"Niko sawa."

Vyura walikuwa wanapiga kelele, nadhani hata yeye aliwasikia.

"Na wewe, umefunga?"

"Nafunga sasa," nikamwambia.

Asubuhi nilimwita fundi wa mabati.