Ndoo za Rangi za Msikiti wa Munje

Ramadhani ile watu wa Munje walisema kwamba Maalim Abdurahman amenuna. Alikuwa akisalisha rakaa chache za tarawehe, kisha humsogeza mbele mpwawe Feisal na kutokea mlango wa nyuma. Hakuwajibu. Afadhali wadhani amenuna kuliko wajue kwamba udhu wake haukai.

Tumbo lilikuwa limemharibikia kwa muda mrefu. Huvimba, choo kikakataa, kisha ukaanza upepo asioweza kuuzuia. Usiku mmoja, akiwa kwenye sijida, ulimtoka kimya, na pale pale akajua kwamba safu zote nyuma yake zinamfuata mtu asiye na udhu. Hakulala. Hata Twaiba, mkewe, alimficha, akamwambia ni kiungulia tu.

Twaiba ndiye aliyempeleka hospitali Msambweni. Daktari alikuwa msichana wa bara, jina lake Rispah.

"Shikamoo mzee. Chai yako na uji wako unakunywa wapi?"

"Marahaba, binti yangu. Chai nanywa madrasa na wanafunzi. Mwezi huu, uji wa futari msikitini."

"Vinabebwa na nini?"

"Ndoo za plastiki zilizobaki tulipopaka msikiti rangi. Nilizisugua mwenyewe kwa mchanga, zikang'aa."

"Na uji unamiminwa ukiwa moto?"

"Unatoka mekoni unatokota."

Rispah akaweka kalamu chini. Alimweleza kwamba tumbo lina mishipa yake ya fahamu, ndiyo inayokisukuma chakula mbele. Plastiki ikipata moto hutoa dawa zake zikaingia chakulani, na dawa hizo zimeonekana kuivuruga mishipa ile. "Siwezi kuapa kwamba ndizo zilizokuumiza wewe. Kwa binadamu bado wanachunguza. Wamepima zaidi kwa wanyama."

"Wanyama gani?"

Akasita. "Nguruwe, mzee. Samahani."

Twaiba akajifunika mdomo kwa ncha ya leso. Maalim akatazama viatu vyake. "Usiombe radhi," alisema. "Tumbo ni tumbo."

Njiani kurudi, kilichomwelemea hakikuwa tumbo lake. Ndoo zile alizipendekeza yeye. Wengine walitaka kununua masufuria, akawaambia hiyo ni israfu. Watoto wa watu walikuwa wamenywa chai humo kila asubuhi, naye akiwahimiza wamalize. Sasa hakuweza kuziondoa bila kuulizwa sababu, na sababu ilikuwa tumboni mwake.

"Sema panya wameziingia," Twaiba alimshauri.

"Nimefunga, Twaiba. Niseme uongo nikiwa na swaumu?"

Jioni ile, baada ya futari, alisimama mbele ya watu. Uji ulikuwa bado unafuka ndani ya ndoo. Aliwaeleza yote, ya ndoo na ya udhu, na usiku ule wa sijida.  Akawataka radhi kwa ajili ya watoto, akasema kuanzia usiku ule yeye ni maamuma, wa kusali nyuma ya imamu.

 Kisha mzee Dzombo, rafiki yake tangu utotoni, akakohoa.

"Kumbe ndiyo hayo? Sisi tumekuwa tukijiuliza nani amekukosea. Mimi nilishapanga kuja kukuomba msamaha, na sijui kosa langu."

Kicheko kikapita msikitini, naye akacheka, ila uso haukuinuka. Kesho yake zilikuja sufuria kutoka nyumba mbalimbali, na ndoo zikapelekwa kuchanganyia saruji.

Tumbo lilitulia kidogo, halikupona. Feisal alimsihi mara nyingi arudi mbele. Hakurudi. Alisali safu ya mwisho, karibu na mlango, mpaka homa ilipomchukua mwaka huu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliacha wasia kwamba asioshwe na mwingine ila Feisal, kwa kuwa maiti hukamuliwa tumbo, na hata pale aliona haya. Feisal alimkamua taratibu, mlango umefungwa. Alipotoka hakusema lolote, na sisi wa nyumbani hatukumuuliza.