Pole ya Uwanja Uliobomolewa

Ndani ya basi hapa mjini Buffalo, Marekani, mzee mmoja Mmarekani alivua kofia tulipopita maegesho ya supamaketi. Mama Mrundi aliyeketi kando yake akadhani ni makaburi. Akampa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko: "Pole sana, baba. Nani amekufa?"

Nami niliyeketi nyuma yao nikatafsiri. Mzee akacheka, akavaa kofia. "Hakuna aliyekufa. Hapa palikuwa na uwanja wetu wa besiboli. Baba yangu alinileta utotoni. Waliubomoa."

Nilidhani mama atauachia mkono. Wapi!

"Mwambie hata kambi yetu ya wakimbizi kule Kasulu, Tanzania, waliibomoa, pakaota majani. Wanangu wote nimewazalia pale."

Nikamwambia. Mzee akavua kofia tena.

Wakubwa wengi wa serikali na mashirika wameizungumzia kambi ile. Huyu ndiye wa kwanza niliyemwona akiivulia kofia.