Nyasi za Akullo

Akullo aliwalea wanawe katika kambi ya polisi, ndani ya kile kibanda cha bati cha duara ambacho mchana kilikuwa tanuri, na mvua ikinyesha watu hawasikilizani. Nje ya mlango palikuwa na mtaro wa maji machafu na udongo uliokanyagwa hadi ukang'aa. Watoto walipoanza kutambaa, walitambaa kwenye udongo huo, na kila jioni aliwasugua magoti kwa sabuni mpaka wakalia. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alichomwambia mumewe, Okwir, ni kwamba siku wakipata kwao wenyewe, yeye hatataka makochi wala televisheni. Anataka nyasi.

Okwir alipokaribia kustaafu walijenga nyumba ndogo Kyebando, jijini Kampala, kwenye mteremko unaotazama soko la Kalerwe. Milango haijatiwa bado, Akullo alikuwa ameshapanda. Alichimbua vipande vya nyasi za paspalamu kwenye kiwanja cha maofisa kule kambini, akavibeba kichwani ndani ya beseni, akavichomeka kimoja kimoja mbele ya nyumba. Mwaka haukuisha kabla uwanja wote haujawa kijani. Wageni waliombwa kuvua viatu ukingoni. Wajukuu walibingirika humo. Binti yao mkubwa, Helen, alivishwa pete akiwa amesimama hapo peku, kwa sababu mama yake alikataa katakata viatu vya visigino virefu vikanyage mahali pale.

Uzee ulimwingia Akullo kwa mlango wa kumbukumbu. Kwanza alitia chumvi mara mbili, kisha akasahau majina ya wajukuu, kisha akawa anamwuliza Okwir kama zamu yake ya usiku imebadilishwa, ilhali mumewe alikuwa amevua sare zamani. Daktari alisema hakuna dawa ya kuurudisha nyuma ugonjwa huo. Lakini nyasi hakuzisahau. Jua likianza kulegea, Akullo aliinuka, akafunga leso kiunoni, akaenda kumwagilia.

Tatizo lilikuwa maji. Kiangazi kilizidi kuwa kirefu, na mifereji ya mtaa wao ilikauka wiki nzima nzima. Okwir alishuka bondeni kwenye chemchemi na baiskeli yake, akapanda akiisukuma, jerikeni zimefungwa nyuma, moyo ukimgonga masikioni. Akifika na kuketi apumzike, Akullo alikwisha kuyamwaga. Alimwaga maji ya kunywa, maji ya kupikia, siku nyingine hata chai iliyobaki kwenye birika. Majirani waliokuwa wakipanga foleni bondeni walipopita walimwona Akullo kupitia lango na kunyamaza, na ukimya wao ulimwumiza Okwir kuliko matusi. Akaanza kuficha jerikeni chini ya kitanda. Akullo alizitafuta, akazipata, akajaza beseni, na aliposhuka ngazi za baraza akateleza. Mfupa wa nyonga ulivunjika.

Alilazwa hospitali. Okwir alikaa naye mchana, na Helen, aliyekuja kutoka Lira kule kaskazini, akimpokea usiku. Kila aliporudi nyumbani kuoga, mzee yule alizitazama nyasi zilizoanza kugeuka rangi ya majani ya chai, na moyoni mwake akazihukumu. Hizi ndizo zilizomvunja mke wangu, alijiambia. Zikibaki, atainuka tena na beseni, na safari hii atavunjika shingo.

Kandokando ya barabara ya kuelekea Kalerwe alikuwapo mama mmoja Mkongo, Julienne, mkimbizi kutoka Bukavu, aliyeuza miche kwenye makopo ya rangi. Kiganda kilimshinda, na Okwir alikuwa na Kiswahili chake cha polisi, hivyo kwa miaka walikuwa wakisalimiana na kusimama kidogo kuongea. Okwir akamweleza shida yake. Akataka mimea isiyodai maji, mimea ambayo hata ikisahaulika mwezi mzima haitakufa.

Julienne alikuja na mkokoteni. Alileta shubiri, ile ambayo majirani Waganda huiita kigagi, akaleta bogenvilia, lantana, kaktasi na mikonge midogo yenye majani yaliyosimama kama mapanga. Alipouona uwanja wenyewe alisita. Alimwuliza Okwir kama mkewe anajua. Okwir akajibu kwamba ni jambo la kumfurahisha atakaporudi. Atakuta maua, atakuta benchi kivulini, na hakuna ndoo ya kubeba.

"Papa," Julienne alisema, "tumwachie Mama hata kipande kidogo. Cha kuweka mguu tu."

"Kipande kidogo nacho kinakunywa," Okwir akajibu. "Atakifuata na maji. Ng'oa zote."

Wakang'oa. Mizizi ilikuwa imeshikana, ikitoka kama mkeka, na chini yake udongo ulikuwa bado na unyevu wa yale maji ya Akullo. Walitandaza majani makavu kuzuia jua, wakamwaga kokoto njiani, wakapanda. Okwir alifanya kazi kama kijana. Jioni ya mwisho alijenga benchi kwa mikono yake, akaipaka rangi ya samawati kwa kuwa mkewe aliipenda rangi hiyo. Ilikuwa bustani nzuri. Waliopita walisimama kutazama.

Siku Akullo aliporuhusiwa kutoka, teksi iliwaleta hadi langoni. Okwir na Helen walimshusha taratibu, wakamkalisha kwenye kiti cha magurudumu. Okwir akafungua lango lote wazi, akasimama kando ili mkewe aone.

Akullo alitazama kokoto. Akatazama mikonge. Akageuka kwa adabu ile anayoitumia mtu kwa mwenyeji asiyemjua, akamwambia Helen kwamba wamekosea nyumba.

Walimwonyesha jiko lake, kitanda chake, picha za ukutani. Alikubali kwamba vitu vinafanana na vyake, na akashangaa nani amevileta huku. Walipomwuliza nyumba yake ikoje, hakuweza kutaja rangi ya mlango wala idadi ya vyumba. Alisema tu kwamba mbele yake pana nyasi. Hapo Okwir alielewa alichokifanya. Kumbukumbu zote zilipokuwa zikimtoka mkewe moja baada ya nyingine, ile moja ilikuwa imebaki kama alama ya njia, na yeye kwa jembe lake ameichimbua.

Tangu siku hiyo Akullo hakumwita tena Baba Helen. Alimwita afande, kwa sababu ya mgongo wake ulionyooka labda, au kwa sababu aliona ndiye anayeshika funguo. Kila asubuhi alivaa, akakunja leso zake kwenye mfuko wa plastiki, akaketi mlangoni.

"Afande, tafadhali nirudishe nyumbani. Mume wangu atanitafuta."

Okwir alimwambia ukweli mara nyingi, na kila mara Akullo alimtazama kwa huruma, kama mtu anayesikiliza mlevi. Siku moja Okwir akakodi teksi, wakazunguka Kalerwe yote, wakapita Bwaise, Akullo akitazama malango kwa matumaini. Okwir alidhani mzunguko ungemchosha, na wakirudi ataikubali nyumba. Teksi iliposimama, Akullo aliitazama bogenvilia iliyoanza kuchanua. Machozi yakamtiririka bila sauti.

"Afande," alisema, "umenirudisha pale pale."

Okwir alimfuata Julienne akamwomba paspalamu. Julienne hakumkumbusha neno lolote. Alitafuta vipande, wakavichomeka chini ya dirisha la Akullo, na Okwir akarudi chemchemi na baiskeli yake. Jua lilikuwa kali mno. Vikajikunja, vikakauka, na Akullo hakuvitupia jicho.

Akullo alipoacha kula, Helen alifanya uamuzi. Akamchukua mama yake hadi kijijini alikozaliwa mama huyo, karibu na Lira, kwa mjomba Saverio, mdogo wake Akullo. Kule, mbele ya nyumba za udongo, nyasi zinaota zenyewe bila kuombwa. Jioni ya kwanza, Helen alisimulia kwa simu, mama yake alivua ndala, akaweka nyayo chini, akaomba uji.

Okwir alishukuru, kisha akakaa peke yake kwenye nyumba ambayo watu walikuwa wakibisha hodi kuomba vipandikizi vya maua. Aliwapa wote. Hakuna siku aliyoketi kwenye ile benchi.

Mvua zilipoanza alipanda basi kwenda Lira. Alimkuta Akullo chini ya ukingo wa paa, amenenepa kidogo, anachambua mboga ya kunde. Akapiga magoti amsalimie. Akullo alimkaribisha vizuri, akamwuliza anatoka wapi. Okwir alipotaja Kampala, uso wa Akullo ukachangamka.

"Mume wangu yuko huko," alisema. "Anamwagilia nyasi zangu. Ukimwona, mwambie asijichoshe."

"Nitamwambia," Okwir akasema.

Alirudi Kampala kufunga nyumba tu. Funguo alimwachia Julienne, naye akahamia humo na wanawe, makopo yake ya miche akayapanga barazani. Kwa desturi za kwao mwanamume hahamii kwa shemeji zake, na Okwir alijua watakavyosema pale kijijini. Alikwenda hivyo hivyo. Saverio hakumwuliza lolote. Alimwonyesha kibanda kilichokuwa cha mwanawe, akamsaidia kuezeka upya.

Sasa Okwir anaishi hapo, mgeni asiyeondoka. Kila asubuhi anajitambulisha kwa mkewe, naye anafurahi kumfahamu. Siku nyingine Akullo humwonea huruma, humwuliza kama hana familia inayomsubiri. Jioni moja hivi karibuni walikuwa wamekaa wawili, chakula kimetengwa mbele yao, Saverio akiwa bado shambani.

"Mkeo atakuwa anakukumbuka sana," Akullo alisema.



"Mimi ndiye ninayemkumbuka," Okwir akasema.

Akullo alitikisa kichwa polepole. Akainua kifuniko cha sufuria, akachagua kipande laini cha kuku, kile anachowekewa mgeni, akamsogezea sahani.