Javel katika Birika la Ubatizo

Nianze kujitukana mwenyewe, ninyi msihangaike. Nilifundishwa kutia javel, ile ya kufulia nguo nyeupe, kwenye maji ya kisima: kifuniko kimoja kwa bidoni ya lita ishirini, kipindupindu kisituingie hapa mtaani Panda. Basi nikajiona daktari.

Jumapili iliyopita nikakuta birika la ubatizo kanisani limejaa maji yenye rangi ya chai, na watu watayameza wakizamishwa. Nikamimina javel kwa kukisia. Kisha nikaongeza, kwa utukufu wa Mungu.

Mama wa kwanza kuzamishwa akaibuka akitokwa machozi. Wa pili akakohoa mpaka akapiga magoti. "Roho iko nashuka!" Pasta akapiga kelele humo majini, na kanisa zima likalipuka kwa nyimbo. Nami, mnafiki mkubwa, nikapiga makofi kuliko wote.

Pasta alipotoka, suruali yake nyeusi ilikuwa imegeuka rangi ya machungwa. Akanusa mkono wake. Nyimbo zikakatika.

"Nani alitia javel mu maji ya Bwana?"

Mke wangu akasimama, akaninyooshea kidole.

"Ni bwana yangu, Pasta. Kwa nyumba, hata chumvi mu mboga ya sombe namukatazaka kutia."