Kitambaa Chini ya Mashine

Mafundi wa kompyuta mjini Embu ni wengi, na wengi wao wana mkono mwepesi wa bisibisi. Mashine ikikohoa tu, wameshaifungua. Rwamba si wa hivyo. Mama huyu alipiga taipu miaka kumi na minane katika ofisi ya chama cha kahawa kabla ya kufungua kibanda chake mtaani Majimbo, na mpaka leo huuliza kwanza, kisha huuliza tena, hadi mteja akereke.

Ndivyo alivyomkera Munyi. Kijana alikuwa na haki ya kukereka, maana kompyuta yake ya gemu ilikuwa ikijizima na kujiwasha yenyewe bila taarifa, mara katikati ya mechi, mara baada ya saa nzima ya amani. Timu yake ya mpira wa mtandaoni ilikuwa imemvumilia mara tatu. Nahodha akamwambia wazi kwamba ikizima tena kwenye nusu fainali ya Jumamosi, nafasi yake anapewa mwingine. Mafundi wawili walishambadilishia memori na kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine. Wapi! Ikazidi kuzima.

Rwamba aliiweka kibandani siku tatu, gemu ikichezwa kutwa. Haikuzima hata mara moja. Fundi mwingine angesema imepona, achukue chake. Yeye hilo lilimnyima raha. Alimwambia Munyi kwamba mashine iliyo nzima kwake na gonjwa kwao, ugonjwa uko kwao, na huko ndiko atakakokwenda.

Ijumaa mchana akafika kwao na mashine. Teresia, mamake Munyi, alimkaribisha kwa chai na nduma. Na sebule yenyewe, jamani! Kila kitu kilikuwa kimevishwa kitambaa cha kufuma: makochi, redio, televisheni, hata mtungi wa maji. Vyote kazi ya mikono ya Teresia, vyeupe pepepe, vimetiwa wanga vikakauka. Rwamba aliviangalia kwa mapenzi, maana kwake nyumbani ni vivyo hivyo, na ndiyo sababu hakushtukia kitu.

Akaanza kazi yake ya polepole, kubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Akabadili soketi, na baada ya dakika arobaini mashine ikazima. Akabadili waya, ikazima. Munyi alitaka wabadilishe vyote kwa pamoja wamalize; Rwamba akamwambia wakifanya hivyo hawatajua kamwe ni nini kilichoponya. Kisha akaipapasa mashine pande zote kama anayepima homa ya mtoto. Juu, vuguvugu. Chini, moto wa kuunguza. Mashine ile huvuta hewa kupitia tumboni, na tumbo lilikuwa limekalia kitambaa kinene maradufu, kizuri kuliko vyote mle ndani.

Methali ya kikulacho ki nguoni mwako ilimfika ulimini. Akaimeza pamoja na chai. Teresia alikuwa ameshaelewa, na uso ulimshuka. Alikifuma wiki ile mashine ilipoletwa, kwa kuwa kitu cha thamani hakiwekwi juu ya meza tupu.

"Kumbe ni mimi," alisema.

"Hata mimi ningekiweka, Mama Munyi," Rwamba alimjibu, na alikuwa anasema kweli tupu.

Akaomba vipande vinne vya mbao, akaviweka kwenye pembe, akaiinua mashine vidole vinne ipate kupumua. Munyi alikuwa ameshanyoosha mkono akitoe kitambaa akitupe kando. Rwamba akamzuia. Kitambaa kikabaki mezani.

Jumamosi Rwamba hakungoja kuitwa. Alikaa karibu na mashine tangu mpira ulipoanza, macho kwenye taa yake ndogo ya kijani, na hata majirani waliojaa sebuleni walipopiga kelele hakugeukia kioo cha mchezo. Teresia alikuwa kando yake, mikono imekunjwa mapajani, midomo ikisali. Dakika ya sabini. Ya themanini. Ya tisini. Taa haikupepesa.

Munyi aliinuka jasho likimtiririka, akamshika fundi mkono kwa mikono yake miwili. Rwamba akamuuliza nani ameshinda.

"Tumefungwa mbili kwa moja, anti," alisema Munyi. "Lakini leo nimemaliza."