Maji ya Waziri Yiamat

Tangu shule ya msingi, Loishiye Yiamat alijizoeza kucheka amefumba mdomo. Meno yake yalikuwa ya kahawia, kama ya karibu kila mtu kijijini kwao, magharibi ya Mlima Meru, kwa sababu maji ya kisima chao yalikuwa na floraidi nyingi. Maji hayo ndiyo yaliyomtia kwenye siasa.

Alikuwa mwalimu. Akagombea udiwani kwa ahadi moja tu, maji safi, akashinda. Huko halmashauri akaambiwa mradi huo ni mkubwa mno kwa diwani. Akagombea ubunge, akashinda tena. Dodoma akaambiwa asubiri bajeti. Alisubiri mpaka nywele zikaingia mvi, ndipo akateuliwa kuwa Waziri wa Maji. Kijijini wakachinja ng'ombe.

"Sasa nani atanizuia?" alimwambia mkewe, Nashipae.

Aliyemzuia ni msaidizi wake, Kaanaeli, na alimzuia kwa nia njema. "Mheshimiwa, ukianzia kwenu magazeti yatakumaliza. Tanguliza mikoa mingine. Kwenu ni mwaka wa pili."

Loishiye aliona ni busara. Akazunguka nchi akifungua mabomba ya watu wengine.

Mwaka wa pili hakuufikia. Alikuwa mkoa wa mbali, ameshika koki mbele ya umati, simu zikaanza kulia mifukoni mwa wakubwa. Mkuu wa wilaya akaitazama yake, kisha akamnong'oneza, "Mzee, mkeka wa mawaziri wapya umetoka. Jina lako halimo." Muda mfupi tu uliopita alikuwa anamwita Mheshimiwa. Loishiye akafungua koki hivyo hivyo. Maji yakaruka, kina mama wakapiga vigelegele, naye akapiga makofi pamoja nao.

Aliporudi kutetea ubunge, bibi mmoja, Soila, alisimama mkutanoni, akamshika mjukuu wake taya na kumfunua mdomo. "Yiamat mwanangu, tazama haya meno. Ndiyo uwaziri wako?"

Alianza kueleza habari za bajeti. Hata masikioni mwake mwenyewe vilisikika visingizio. Kura za maoni zikambwaga vibaya.

Siku hizi hushuka mjini kufuatilia mradi kwenye ofisi ya maji, anakaa kwenye benchi na watu wengine. Juzi injinia, Frederick, alimkaribisha kwa heshima zote.

"Shikamoo mzee. Mradi wenu upo kwenye mpango."

"Marahaba. Mpango huo niliupitisha mimi!"

"Basi mzee wangu, unajua wewe mwenyewe jinsi mipango inavyochukua muda."

Loishiye akapiga meza kwa kiganja, akaondoka bila kuaga. Njia nzima alikuwa akijibishana na Frederick peke yake.

Jumapili, baada ya ibada, kijiji kilijadili kujenga tangi la kuvuna maji ya mvua kutoka paa la kanisa. Loishiye akasimama. Akaeleza sera, akaeleza wafadhili, akafika mpaka kwenye sheria ya maji. Mwenyekiti, Sadoki, ambaye Loishiye alimfundisha darasa la tatu, akainua mkono.

"Mwalimu, samahani. Tunauliza tu, utachangia mchanga au mawe?"

Watu wakamgeukia. Nashipae akainamisha kichwa.

"Mawe," alisema Loishiye, akakaa.